Kitambaa Juu ya Mashini ya Godefroid

“Mashini yangu inapita zote za Lubumbashi. Mwenye kubisha, akuye na yake.”

Godefroid Numbi aliyasema hayo mbele ya watu waliotoka misa ya pili mjini Likasi, mwaka 1996. Hakuna aliyebisha, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na kompyuta. Ushindi wa namna hiyo hauchoshi mtu.

Alikuwa fundi wa pampu kiwandani miaka kumi na tisa. Mishahara ilipogeuka hadithi, aliuza friji na pikipiki, akanunua kompyuta moja iliyokwisha kutumika, akafungua sekretaria mbele ya nyumba: barua, mialiko ya ndoa, kazi za wanafunzi. Watu sita walikula kwa ile mashini.

Shida ilikuwa kuranti, umeme wa mji. Ilikuja saa tatu, ikaondoka saa sita bila kuaga. Godefroid akawaza kama mtu wa pampu: muda ukiwa mfupi, ongeza mwendo. Alifungua kasha, akahamisha kipande kidogo cha plastiki alichoonyeshwa na fundi mmoja wa Lubumbashi, na prosesa, yaani ubongo wa mashini, ikaacha mwendo wake wa megahezi sitini na sita, ikakimbia themanini. Fundi alikuwa amemwonya kwamba ikikimbizwa hivyo inatoa joto na inataka hewa nyingi. Sehemu hiyo ya somo Godefroid aliisikiliza kama sisi shuleni tulivyosikiliza falsafa.

Na hewa ndiyo iliyokosekana. Malori ya migodi ya Kambove yalipita mlangoni na vumbi lao, kwa hiyo mkewe Henriette alidarizi kitambaa kizito cha maua, kama kile cha televisheni katika nyumba yoyote yenye heshima. Godefroid alikiacha juu ya kasha hata wakati wa kazi, kimeziba matundu ya nyuma.

Mashini ikaanza kukwama, herufi zikaganda. Akalaumu kuranti. Likasi, kila kilichokufa kiliuawa na kuranti, isipokuwa mishahara.

Alhamisi moja alikuwa akipiga chapa kazi ya kumaliza masomo ya Philomène, mwanafunzi wa ualimu, naye amekaa pembeni akimsomea daftari.

“Papa Godefroid, minye nasikia kitu inaungua.”

“Ni kuranti, mwanangu. Leo iko mingi.”

Akaendelea. Ukurasa wa thelathini na moja, kioo kikawa cheusi. Taa ya chumbani iliendelea kuwaka vizuri kabisa, na ndiyo iliyomwumbua.

Henriette alikuja, akatoa kitambaa, akagusa kasha, akavuta mkono haraka.

“Nilishona ya kufunika wakati imelala,” alisema polepole. “Weye ulikuwa unaivalisha na kwa kazi?”

Godefroid alitazama taa tu.

Prosesa ilikuwa imeungua pamoja na bamba lililoibeba. Nyingine haikupatikana Likasi, na hakikubaki kitu cha kuuza. Philomène alichukua daftari lake, akaenda kuandika kwa mkono. Godefroid aliazima parokiani mashini ya zamani ya kuandikia, ile ya kugonga, akakaa mbele yake na vidole viwili; utepe wake wa wino ulikuwa umekauka.

Utepe mmoja wa mashini ya kuandikia, sokoni: dola tatu.