Siku Niliyompiga Baba kwa Mpira wa Gofu

Hili jambo sikutaka kulisimulia kabisa, na kama si Anitha kulitangaza kila anapokaa ningekufa nalo, lakini kwa kuwa anayeongeza chumvi ni yeye na aliyeaibika ni mimi, bora mlisikie kwangu.

Mimi ni mtumishi wa serikali, nilihamia Dodoma pamoja na ofisi yetu, naishi Miyuji. Gofu nilianza kwa sababu ya huyo huyo Anitha, rafiki yangu anayefanya kazi bungeni, aliyeniambia kwamba nikiendelea kukaa kwenye kiti kutwa nzima na jioni kula chipsi, mgongo utanishinda. Nikaenda kutazama, nikanogewa. Uwanja wetu uko nje kidogo ya mji, na msifikirie ule wa kijani wa kwenye televisheni, wetu kiangazi ni vumbi na nyasi kavu, na kuzunguka kila shimo pamemwagwa mchanga uliochanganywa na oili chafu, ukasawazishwa vizuri ili mpira uteleze na upepo usipeperushe mchanga.

Mwalimu wetu anaitwa Elia, mtu wa maneno machache. Alinifundisha kushika fimbo kabla hajaniruhusu kuuona mpira (sitanii, nilipunga hewa mpaka mikono ikaota malengelenge). Alikuwa anasema, "Shika kama unavyomshika mtoto mkono mkivuka barabara. Asichomoke, na asilie." Kidole kidogo cha mkono wa kulia kinalala juu ya vidole vya kushoto, mabega yamelegea, kiuno kinazunguka kwanza na mikono inafuata. Na onyo lake kubwa lilikuwa hili: ukitaka kubadilisha mshiko, badilisha mashindano yakiwa mbali, uupe mwili muda wa kuuzoea.

Sasa yakaja mashindano ya wawili wawili, yale ambayo mnacheza mpira mmoja kwa zamu, mwenzako anapiga pale ulipoufikisha wewe. Anitha akanichagua mimi. Wiki hiyo hiyo baba yangu akashuka kutoka Kondoa kuja kunisalimia. Baba alikuwa mfanyabiashara wa ufuta, mtu wa swala tano na kofia safi, na gofu kwake ilikuwa kitu cha ajabu. Ijumaa jioni, tukiwa tunakula, akaniuliza, "Nasikia unacheza mchezo wa mabalozi."

"Si wa mabalozi, baba. Mtu yeyote anacheza."

"Haya. Kesho nitakuja nione huyo mtu yeyote."

Hapo ndipo nilipoharibu. Nilitaka baba aone mpira mmoja tu ukipaa, mmoja wa kumfanya akirudi Kondoa awaambie watu. Baada ya kula nikashika simu, nikakuta kijana mmoja kwenye video anaeleza kwamba ukivifunga vidole vyako, kile kidogo cha kulia kikaingia katikati ya vidole vya kushoto, mpira unakwenda mbali zaidi. Nikatoka uani, nikatundika blanketi kwenye kamba ya nguo, nikajaribu. Mlio ulikuwa mtamu. Nikajaribu tena, mtamu vilevile, nikaingia ndani nimeridhika. (Ubaya wa blanketi ni kwamba halikuambii mpira ulikuwa unaelekea wapi.)

Asubuhi uwanja ulijaa kuliko nilivyotegemea. Kulikuwa na mgeni rasmi, wanafunzi wa chuo waliotoka Chimwaga kuja kutazama, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Baba nilimtafutia kiti mwenyewe, mstari wa mbele kabisa, upande wa kulia, eti apate kuona vizuri.

Majina yetu yakaitwa ya kwanza, na mpira wa kwanza ulikuwa wangu.

Nikasimama, nikavifunga vidole kama kwenye video, nikazungusha fimbo kwa nguvu zote, nikasikia upepo tu. Mpira uko palepale juu ya kijiti chake, na msimamizi wa mashindano akasema nirudie. Wanafunzi wakacheka, halafu wakanyamaza kwa huruma, na ile huruma ndiyo iliyoniumiza.

Anitha akanisogelea. "Umeshikaje hiyo fimbo?"

"Nimeboresha."

"Umeboresha lini?"

"Jana."

Alinitazama kama unavyomtazama dereva anayekuambia breki amezifunga mwenyewe. "Zainabu, rudi kwenye ulivyozoea. Tafadhali."

Nikajaribu kurudi, wallahi nikajaribu, lakini vidole vilikuwa vimesahau, kile kidogo hakijui kilale juu au kiingie katikati, jasho linanitiririka viganjani, na mshereheshaji anasema kwenye kipaza sauti, "Tumpe dada yetu nafasi atulie," na ukishaambiwa mbele za watu utulie, hutulii. Nikaibana ile fimbo kama naikaba. Nikapiga.

Safari hii niliupata, ila kwa pembeni. Mpira ukatoka chini chini kwenda kulia, kwenye viti. Kuna neno la kupaza mpira unapoelekea kwa watu, kila mchezaji anafundishwa siku ya kwanza, nami nilikumbuka kulipaza wakati baba ameshaanguka.

Mlio wake nausikia mpaka leo, kama mtu amegonga mlango mara moja. Watu walisimama wote kwa pamoja, sikumwona baba, niliona kofia yake tu kwenye vumbi. Nikakimbia. Nilimkuta amekaa chini, ameshika muundi wa mguu kwa mikono miwili, macho ameyafumba, midomo inatembea bila sauti. Nikamwita, hakujibu. Kiko wapi kicheko hapo, na mimi fimbo bado iko mkononi (naambiwa mgeni rasmi alirudi nyuma nilipompita).

Kulikuwa na kigari cha umeme cha kubebea mifuko. Tukampakia baba, nikashika usukani mwenyewe, na kwa kiherehere nikakata njia ya mkato kuelekea kwenye maegesho. Njia ya mkato ilipita juu ya ule mchanga wa shimo la mwisho. Magurudumu yakazama. Nikaongeza mwendo, yakazama zaidi, na mchanga waliousawazisha tangu alfajiri nikauchimba kama shamba la viazi. Mwalimu Elia alikuja na vijana wakatusukuma. Aliniangalia mikono tu.

Hospitalini muuguzi akamwinamia baba. "Shikamoo mzee. Umeumiaje?"

Baba akafungua macho, na tangu aanguke hilo lilikuwa neno lake la kwanza. "Nimepigwa na mwanangu."

Muuguzi akanigeukia. Nikaanza kueleza, nikaeleza vibaya, akasema kwa upole kwamba mguu ataanza kuutuliza maumivu, lakini mtu akipigwa lazima ipatikane PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, niende kituoni kuichukua. Kwa hiyo nikaenda, na fulana yangu ya mashindano, mgongoni jina langu limeandikwa.

"Ulimpiga baba yako na nini?" askari akauliza.

"Mpira, afande."

"Mpira unavunja mguu?"

"Wa gofu. Ni mdogo, mgumu."

"Mlikuwa mnagombana?"

"Hapana. Nilikuwa nimebadilisha mshiko."

Akaweka kalamu chini, akamwita mwenzake aje asikilize.

Niliporudi na ile karatasi nilikuta baba ameshapigwa picha, na nikasimama mlangoni nikiogopa kuuliza. Mfupa ulikuwa mzima, lilikuwa jeraha na uvimbe. Nikakaa sakafuni karibu na kitanda nikalia, na baba akaniacha nilie nimalize.

"Baba, nisamehe. Mbona ulisema nimekupiga?"

"Hukunipiga?"

"Nilikupiga, baba."

"Basi." Akautazama mguu wake. "Lakini ulienda kwa kasi, ule mpira. Nitawaambia."

Anitha na mimi tuliondolewa kwenye mashindano, na aliniadhibu kwa kutopokea simu zangu mpaka nilipomfuata nyumbani. Mwalimu Elia alinirudisha kupunga hewa bila mpira, kidole kidogo juu, mabega chini, na sikubisha. Nimeapa mambo mawili. Kitu kipya nitakijaribu mashindano yakiwa mbali, na video za usiku ni za mapishi tu. Nimeimarika, mpira wangu sasa unanyooka, muulizeni yeyote. Ila kila nikisimama kupiga ule wa kwanza, nasikia nyuma yangu viti vinasogezwa, taratibu, ili nisione vibaya. Sigeuki.