Mbinya na Mayai ya Siku ya Pili

Mbinya Kisilu alianza kusoma Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, akiwa na miaka hamsini na miwili, kwa sababu ya kuku. Nyumbani kwake Ngoliba alikuwa na mashine ya kutotoa vifaranga, na mayai yake yaligeuzwa kwa mkono mara tatu kwa siku. Yakifika siku ya kumi na nane huachwa yatulie. Kila Jumamosi alipoenda darasa la kompyuta Gitothua, kule Ruiru, kazi hiyo ilibaki na mumewe, Maluki, ambaye alisahau kila mara.

Basi Mbinya akaandika programu yake ya kwanza. Ilisoma kwenye faili siku iliyofikiwa na siku ya kuacha kugeuza, ikazilinganisha, kisha ikamtumia Maluki ujumbe.

Jumamosi ya kwanza ya kuitumia, aliporudi jioni, mayai hayakuwa yameguswa.

"Umesahau tena?"

"Sijasahau. Simu imesema niache kugeuza."

Ilikuwa siku ya pili tu. Mbinya aliyageuza yote mwenyewe, amenuna, akamwambia mumewe asiiamini simu kwa sasa.

Wiki iliyofuata alimwonyesha mwalimu wake, Idah, msichana wa rika la kitindamimba wake.

"Mama, leo ni siku ya ngapi?"

"Ya tisa."

"Kwa Python, hiyo tisa iliyosomwa kwenye faili si namba, ni maandishi. Hata kumi na nane ni maandishi. Inaangalia alama ya kwanza tu: tisa inakuja baada ya ile moja ya 18, basi inaona siku imepita."

Akamfundisha kuandika aina kando ya kila jina: siku ni int, yaani namba kamili. Mbinya akaandika polepole, akaendesha programu. Jibu halikubadilika.

"Lakini nimeiambia ni namba."

"Umeandika tu, mama. Python yenyewe haifuatilii. Kuna programu ya kukagua, mkaguzi anayeitwa mypy. Mwendeshe."

Mkaguzi alitaja mstari wa tisa: hapa panatakiwa int, umeleta maandishi. Mbinya alicheka mpaka wenzake wakageuka. Kwa miaka ishirini alikuwa mkaguzi katika kiwanda cha nguo Thika, akitoa shati lenye kasoro kabla halijaingia kwenye boksi.

"Mwalimu, hii kazi naijua," akasema.

Akageuza maandishi kuwa namba pale pale faili inaposomwa. Mkaguzi akanyamaza. Akaendesha programu, na baada ya dakika moja Maluki akapiga simu.

"Sasa inasema nigeuze. Niamini?"

"Amini."

Alhamisi ya siku ya ishirini na moja, vifaranga walianza kutoboa maganda kabla ya chai. Kufikia saa sita walikuwa wamejaa trei nzima, wakilia kwa pamoja, na Maluki alikuwa amepiga magoti akiwakausha kwa kitambaa, ingawa hawakuhitaji.

"Hiyo Python," akasema bila kuinua kichwa, "mtu wa umri wangu anaweza?"

Mbinya akafungua laptop, akamsogezea kiti.