Kibao cha Kisigino

Nyumbani kwa Gervasi hakuna kitu kilichowahi kutoka kikiwa kichafu. Mbuzi wa mahari alioshwa kwato, na hata sufuria ya kuazima ilirudi kwa jirani imesuguliwa kwa majivu. Ndivyo alivyolelewa huko Kasulu, na ndivyo alivyoendelea kuishi miaka yote aliyoendesha bodaboda Gungu, mjini Kigoma. Kwa hiyo ilipokaribia siku ya kuipeleka pikipiki yake kuukuu dukani, aibadilishe kwa mpya na kuongeza fedha juu, aliiosha, akaisugua, kisha akaipaka rangi nyeusi kila mahali brashi ilipofika.

“Mzee Gerva, unaoza binti?” Nehemia, dereva mwenzake, alimtania alipopita kijiweni asubuhi. “Mbona bibi harusi anang’aa hivyo na baba mtu kachakaa?”

“Anayeondoka huagwa,” Gervasi alijibu bila kusimama.

Nyuma ya kiti alikuwa amefunga gunia la salfeti. Kilichokuwa ndani yake hakukitaja kijiweni.

Kilikuwa kibao. Mkewe Eufrasia, mchuuzi wa dagaa wa Katonga, aliwahi kuteleza mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, akiwa na beseni kichwani. Goti lake la kushoto lilipona vibaya, likakataa kukunjika tangu siku ile, na mguu usiokunjika hauna pa kukaa kwenye pikipiki: unaning’inia tu, unatafuta gari la kuugonga. Gervasi alichukua kipande cha ubao wa mtumbwi wa marehemu baba mkwe wake, akaenda nacho kwa fundi wa kuchomelea kule Buzebazeba. Mkono wa chuma ukachomelewa kwenye fremu, mbele upande wa kushoto, na ubao ukafungwa juu yake. Tangu hapo Eufrasia alishuka mwaloni kila asubuhi mguu wake umetulia, kama mtu aliyekaa barazani kwake.

Lakini injini ilikuwa imezeeka. Mlima wa kurudi kutoka Katonga iliupanda kwa kukohoa, na mara mbili ilizimika katikati, Eufrasia akasimama kando ya barabara akilishika bega la mumewe mpaka ilipokubali kuwaka. Pikipiki mpya ikikosekana, au ikipatikana isiyokubali kibao, Eufrasia angebaki nyumbani, na Gervasi alimjua mkewe. Mwanamke yule bila mwalo ni jiko bila moto.

Kwa kuamini kwamba hakuna duka litakalonunua pikipiki yenye mkono wa ajabu ubavuni, aliukata mkono ule kwa msumeno, akalipaka rangi kovu lake. Namna ya kuomba kibao kifungwe kwenye pikipiki mpya hakuwa ameipata bado. Goti la mke, kwa malezi yake, halikuwa jambo la kutajwa mbele ya wageni.

Msimamizi wa duka alikuwa dada mmoja kutoka Machame, Kilimanjaro, aitwaye Aikande, aliyehamishiwa Kigoma si muda mrefu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nimeileta.”

Aikande aliizunguka pikipiki. Alipofika mbele aliinama, akagusa shingo ya fremu, na kidole kikatoka cheusi.

“Umepaka rangi lini?”

“Jana.”

“Mpaka juu ya namba ya chesisi?”

Gervasi alitazama. Kweli, brashi yake ya heshima ilikuwa imezimeza namba zote.

“Kizuri chajiuza, mzee wangu,” Aikande alisema, sasa bila tabasamu. “Pikipiki inayopakwa rangi jana ili iuzwe leo huwa ina la kuficha. Wilfred! Njoo na kitambaa cha petroli.”

Wilfred, fundi wa duka, alisugua. Namba zilijitokeza, zikalingana na kadi, na Gervasi akashusha pumzi. Kisha kitambaa kikateremka upande wa kushoto, kikasimama.

“Dada, hapa pamechomelewa. Halafu pakakatwa.”

“Iligongwa hii?” Aikande aliuliza. “Fremu iliyovunjika hatupokei, mzee. Niambie ukweli tu.”

“Haijawahi kugongwa.”

“Basi kilichomelewa nini?”

Gervasi alilitazama salfeti, akalitazama lango. Jibu lilikuwa la maneno matatu, goti la mke, nayo yalikuwa mazito kuliko pikipiki yenyewe.

“Basi,” alisema hatimaye, akishika usukani. “Nirudi nayo.”

Wakati huo bajaji ilisimama langoni. Eufrasia, aliyekuwa amemfuata mumewe aione pikipiki mpya, alishuka, mguu mmoja mbele kama nguzo, akaja polepole akipiga makofi taratibu kwa salamu ya kwao.

“Mwakeye!”

“Mwakeye, mama,” Aikande aliitikia. Hilo alikuwa ameshajifunza.

“Mbona bwana yangu kashika usukani kama anafukuzwa?”

“Mama, tunamuuliza hapa palichomelewa nini. Hataki kusema.”

Eufrasia alilitazama kovu, kisha akamtazama mumewe. Akacheka, kicheko cha chini.

“Hatasema huyo hata mkimfunga kamba. Ni mguu wangu huo, mwanangu. Gerva, fungua salfeti.”

Gervasi akafungua. Kibao kikatoka kimepakwa rangi nyeusi kando zote, lakini katikati palikuwa na shimo jembamba lililolainika, mti wenyewe ukionekana.

“Hapa mbona hukupaka?” Aikande aliuliza.

“Ni pa kisigino chake,” alisema Gervasi. “Rangi ingemtelezesha.”

Aikande alikichukua kibao, akapitisha kidole gumba kwenye lile shimo, kisha akainama na kukisogeza karibu na kovu. Hakuuliza tena kuhusu kugongwa.

“Tunaipokea,” alisema. “Lakini mpya hatuwezi kuichomelea, mzee. Ukigusa fremu kwa moto, waranti imekwisha.”

“Kama mguu wake hauna pa kukaa, mimi siitaki.”

“Gerva! Chukua pikipiki. Mimi nitapanda bajaji.”

“Kila siku? Na mabeseni?”

“Nyie hebu tulieni,” Aikande alisema. Alipiga magoti kando ya pikipiki mpya, akaitikisa bampa iliyozunguka injini. “Wilfred, tukikibana hapa na vibano vya nati? Fremu haiguswi.”

“Kitakaa. Nitatia mpira chini, kisicheze.”

Kazi ilipokwisha, Eufrasia alipanda kwa kusaidiwa na bega la mumewe, kama siku zote. Mguu ulinyooka mbele, ukayumba, ukakikosa kibao. Kwenye pikipiki mpya kilikaa juu kidogo kuliko kwenye ile ya zamani. Wilfred alikuwa akitazama, Aikande akitazama, na wateja wawili pia. Gervasi aliweka goti chini kwenye sakafu ya duka, akakishika kifundo cha mguu wa mkewe kwa mikono miwili, akakiongoza kisigino mpaka kikaingia mahali pake.

“Kishushe kidogo, fundi,” alimwambia Wilfred, bado amepiga goti. “Goti la mke wangu halikunjiki.”