Viatu Ndani ya Kasha la Kombora

Mwaka tisini na nane nilikuwa nafunga makasha huku Mobeni, mtaa wa viwanda kusini mwa Afrika, kwenye kiwanda ambamo kampuni ya hapa na ya Ulaya ziliungana kutengeneza makombora. Sisi Watanzania mzigo hauendi nyumbani bila kupachika kifurushi. Niliposikia meli ya kuyabeba itapitia Dar, ambako kaka yangu ni kuli bandarini, nikachomeka viatu vya binti yangu kando ya kombora. Akili zangu hizo.

Kabla kasha halijatoka, wageni wa Ulaya wakalifungua kulikagua.

“Eish, hivi vya nani?” msimamizi akauliza mbele ya kiwanda kizima. Nikanyoosha mkono.

Mgeni mmoja akaviweka kiganjani, vikaenea vyote viwili. “Mwanao ana miaka mingapi?”

“Saba,” nikasema, na hapohapo nikatambua nimemnunulia yule niliyemwacha ndiyo kwanza anajifunza kutembea.