Kuta za Jirani Yake Lupe

Jirani yake Lupe alizipamba kuta za sebule yake kwa mabaki. Nyumba ilikuwa mpya, ya mbao tupu, aliyojengewa visiwani Haʻapai baada ya kimbunga, na fedha za mapambo hakuwa nazo. Kila kina mama walipomaliza kuponda magome ya kutengenezea ngatu, kitambaa chao cha asili, aliomba vipande vilivyobaki, akavinyoosha kwa viganja vyake vipana na kuvibandika ukutani kwa gundi ya muhogo, huku akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Kando ya mlango tu ndipo alipopaacha wazi.

“Shoga, hapo ndipo ulipochokea?” Lupe alimtania.

“Hapo pa Fatai. Bahari ilimchukua mume wangu, ikachukua na picha zake zote.”

Lupe alirudi kwake, akapekua picha za harusi yake mpaka akampata Fatai, amesimama nyuma ya maharusi, mdomo umejaa nyama ya nguruwe. Aliona haya kuipeleka picha kama ile, lakini akaipeleka. Jirani aliishika kwa mikono miwili, akaitazama mpaka gundi ikamkaukia vidoleni.

“Ndiye huyu,” alisema. “Hata siku ile hakungoja sala iishe.”