Nyasi Zilizotafunwa na Viwavi

Mwanangu, katika siku zote za utawala wa Mjerumani, ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyopeleka ng'ombe wa baba bondeni, hapa hapa Haneti.

Kwanza walikuja nondo. Wadogo, rangi ya vumbi, wameletwa na upepo wa mvua za kwanza. Hakuna aliyewajali, nondo hana meno. Lakini walitaga kwenye majani, na baada ya siku chache wakatoka viwavi. Wakiwa wachache huwa wa kijani. Wakisongamana hugeuka weusi, ndipo huandamana. Walikula mtama wetu wote na nyasi zote za bonde, kisha wakazama ardhini, kina cha kidole, wageuke nondo tena. Tukabaki na ng'ombe tisa. Maziwa yao ndiyo chakula.

Mvua ikarudi, nyasi zikachipua laini. Jirani yetu, mzee Mazoya, akanikuta nafungua zizi.

"Mjukuu, usiwapeleke huko. Nyasi iliyotafunwa na viwavi huota na hasira. Ngoja ikomae."

"Ikasirike tu, babu. Ng'ombe hawaogopi kununiwa."

"Wakatie matawi, wale humu humu."

"Mpaka lini? Mikono ni yangu, wewe una mdomo tu."

Akatema tumbaku yake, akaenda zake.

Malisho ya mlimani viwavi hawakuyagusa. Jumbe Chilewa aliyafunga yawe ya mifugo yake, na Akida Sefu akampa askari wa kuyalinda. Nawataja kwa majina, wasije wakasifiwa makaburini. Lakini fimbo ya kuchungia ilikuwa mkononi mwangu. Nikajiambia mwenye njaa hana miiko, nikashuka bondeni nikiwachukia wale wawili.

Jua halijafika utosini, ng'ombe wa kwanza akatetemeka, akaanguka, povu mdomoni. Walikufa saba, wakabaki wawili wasio na maziwa. Mdogo wangu Mbeleje, aliyekuwa ameachishwa ziwa karibuni, aliishi kwa maziwa yale. Mavuno hakuyaona. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na mimi sikuambiwa.

Basi sikia, mwanangu. Ukiona nondo wa vumbi ni wengi mwanzo wa mvua, kagua majani utafute mayai. Viwavi wakizama, usidhani shari imezama nao. Funga zizi, kata matawi, ngoja nyasi zikomae, sumu iziishe. Na mtu akikufungia malisho, mchukie, ni haki yako. Ila usiiache chuki hiyo ikuchungie ng'ombe.

Mungu akujalie mvua ya kutosha, kibuyu chako cha maziwa kisikauke, na uzeeke bila majina ya kutaja kama haya yangu.