Ng'ombe Nane Mbele ya Guichet

Siku yangu ya kwanza benki, hapa Goma, nilivaa abacost, ile suti isiyo na tai, ya kuazima, iliyonibana hata kupumua niliomba ruhusa. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni, na diploma yangu nusu ya mtaa wetu wa Murara waliijua kwa kichwa. Citoyen Gérant, mkubwa wetu, aliitupia jicho, akanipeleka kwa Chef-caissier, muzee mwembamba mwenye vidole vyenye mbio kuliko cherehani.

"Unajua sababu gani tunaitwa caissier?"

"Hapana, papa."

"Caisse ni sanduku. Zamani mutu alikaa na sanduku la feza, basi. Kule Uganda, kwa Kiingereza, wanamuita teller, kwa neno lao la zamani la kuhesabu na kusema. Hapa watakuita mutu wa guichet, sababu ya hiki kidirisha. Kazi ni moja: sema kile kiko ndani ya sanduku. Kile hakiko, nyamaza."

Kuhesabu nilijua. Liasse, yaani fungu la noti mia moja, niliimaliza kabla nzi hajatua. Kunyamaza ndiko kulinishinda.

Halafu redio ikatangaza kwamba noti kubwa zimekufa. Kila mutu azibadilishe kwa siku chache tu. Goma nzima, na pengine wafu wake, ilisimama mbele ya kidirisha changu. Siku moja kabla ya mwisho, wakati wa kufunga, alinifikia muzee mmoja mufugaji wa Masisi. Alikuwa ameuza ng'ombe nane ili anunulie watoto wake shamba. Feza ya kila ng'ombe aliifunga peke yake kwa kamba ya mugomba, asichanganye mmoja na mwingine.

"Mwanangu, nilale hapa mlangoni?"

"Ulale hapa, muzee, kama mbuzi? Enda kwa ndugu yako kule mtaa wa Mapendo, ule, ulale. Kesho utakuwa wa kwanza. Hata volkano ilipuke, noti zako mpya ziko!"

Alicheka, akanibariki, akaenda.

Nilikuwa nimeahidi bila kufungua sanduku kubwa kuona kilichobaki. Asubuhi Chef-caissier akalifungua: noti mpya zilibaki chache, na wakubwa wa mji walikuwa wamekwisha kuziandikisha kwa majina yao. Ndege ya kuleta zingine haikuja. Nikamuomba Citoyen Gérant ampokee muzee huyu mmoja tu.

"Nimupe nini? Mate?" akajibu. "Wewe uliyemuahidi, mulipe."

Muzee alikuwa wa kwanza kweli. Alipanga mafungu yake kwenye guichet, moja moja: "Huyu ni Bihogo. Huyu ni Gaju. Huyu ana mimba." Nikamuambia noti mpya zimekwisha. Aliyafunga tena polepole, akauliza, "Sasa nirudi kesho?"

Miaka mingi nilibaki kwenye kidirisha kile. Pansheni yangu leo hainunui hata sabuni ya kufua abacost. Nyinyi vijana mnaotamani kazi ya benki mnaniuliza siri yake, siri sina.

Nilipoacha kazi nilipanda Masisi kumutafuta. Nilikuwa nimetunga hotuba ya kuomba samahani, ndefu kuliko barabara ya Sake. Alinijua mara moja, akamuita mke wake.

"Mama, mutu wa guichet amefika. Mutafutie maziwa!"

Mama alichukua kikombe, akatoka, akaenda kuomba kwa jirani. Alikawia. Hotuba yote ikanipotea. Tuliketi pale, mimi na muzee, tukiutazama uwanja wa ng'ombe wake, umeota majani mazuri sana.